Majina ya Watu wa Keko

Siku Bwana Tindall, afisa wa wilaya, alipomwambia karani wake aketi kitini, Didas alijua kuna jambo. Alikuwa amefanya kazi katika ofisi ile miaka kumi na minne, na miaka yote hiyo alikuwa akisimama. Alisimama akitafsiri mashauri, alisimama akisomewa makosa, alisimama hata siku aliyokuja na homa ya malaria, meno yakigongana mbele ya meza. Sasa Mzungu alikuwa anamwonyesha kiti cha wageni na kutabasamu.

Didas akaketi ukingoni, kofia yake mapajani.

"Nasikia binti yako amerudi kutoka Makerere," Bwana Tindall alisema. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha mtu aliyefaulu mtihani wa serikali.

"Ndiyo, bwana. Yuko likizo."

"Anasoma nini?"

Swali hilo lilimsumbua Didas hata kanisani. Wahaya wenzake waliokuwa na watoto chuoni walijibu kwa neno moja: udaktari, ualimu, kilimo. Yeye ilimbidi aeleze. "Anasoma habari za jamii, bwana. Desturi za watu, serikali zao, siasa. Namna taifa linavyoishi."

"Taifa gani?"

Didas aligeuza kofia yake mapajani.

Bwana Tindall hakungoja jibu. Alisema wiki sita sasa msichana huyo alikuwa akishinda Keko, kwa waseremala na wapika pombe, akiuliza na kuandika. Amezungumza na watu wengi kuliko afisa yeyote wa serikali. Keko imejaa vibanda visivyo na ruhusa, watu wasiolipa kodi, na sasa watu wanaokutana kuzungumza mambo ya chama kinachodai uhuru. Serikali inataka kupapanga upya. "Ningependa kuyaona madaftari yake," alisema. "Jumatatu asubuhi. Ni kwa faida yake pia. Msaada wake wa masomo unaangaliwa upya mwezi ujao."

"Nimesikia, bwana."

"Na ile kota yenu ya Temeke, mna raha pale?"

"Tuna raha, bwana."

"Vizuri," alisema Bwana Tindall, akarudi kwenye karatasi zake. Didas alibaki ameketi, hajui kama mtu aliyeketishwa huinuka mwenyewe au hungoja kuambiwa.

Ilikuwa Alhamisi.

Alifika nyumbani jua likiwa bado kali, baiskeli akiikokota badala ya kuipanda. Mkewe Apolonia alikuwa barazani akimenya ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu. Kokushubila alikuwa ameketi karibu naye kwenye mkeka, daftari gotini. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, mrefu kama baba yake, na alikuwa na tabia ya kuandika huku midomo ikitembea.

Kazi aliyopewa na mwalimu wake ilikuwa hii: kila mwanafunzi achague jamii moja ya nchi yake, akae nayo likizo nzima, aandike inavyoishi na inavyojitawala. Wenzake walikwenda vijijini kwao kuandika ngoma, mahari na machifu. Kokushubila alichagua Keko, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mlangoni kwao. Mwalimu alimwuliza kama huko kuna utamaduni wowote wa kuandika. Alijibu kwamba atakwenda kuona.

Didas alieleza aliyoambiwa. Hakuketi.

"Siwezi, baba," Kokushubila alisema.

"Sikukuuliza kama unaweza."

"Niliwaahidi. Kila mtu niliyezungumza naye nilimwambia haya ni ya masomo tu. Nikiyapeleka kwa Bwana Tindall nitakuwa nimewadanganya."

"Na mimi umeniahidi nini?" Sauti ya Didas ilipanda mpaka jirani akachungulia. Akaishusha. "Watu wanapeleka watoto Makerere warudi madaktari. Mie wangu amerudi kumwuliza seremala anakula nini. Nimenyamaza. Watu wamecheka, nimenyamaza. Sasa naambiwa nyumba hii si yangu, masomo yako si yako, na wewe unaniletea habari za ahadi ya mpika pombe?"

Apolonia alitupa ndizi kwenye sufuria ya maji. "Yako wapi hayo madaftari?" aliuliza. "Kabla hamjagombana, baba mtu ayasome. Huwezi kugombania kitu usichokijua."

Kokushubila aliingia ndani akatoka na madaftari matatu ya jalada jekundu. Didas akavaa miwani, akaketi kwenye kiti chake, akasoma Kiingereza cha binti yake mpaka chai aliyowekewa ikapoa.

Alisoma habari za Mzee Fakihi, fundi wa vitanda, ambaye kila Ijumaa baada ya sala watu humletea kesi zao naye huziamua akiwa amekalia benchi lake la randa. Alisoma habari za Atuganile, mjane wa Kinyakyusa, apikaye kimpumu, pombe ya ulezi ya kwao, bila kibali, akalea watoto wanne kwa pombe hiyo. Alisoma orodha ya wanaume kumi na mmoja wasio na stakabadhi ya kodi, kila mmoja kwa jina lake, jina la baba yake, na nyumba anayokimbilia askari wakija. Alisoma kadi za chama zinakofichwa.

Alivua miwani.

"Umeandika kama mpelelezi," alisema.

"Nimeandika kama nilivyofundishwa. Kila jambo na shahidi wake."

"Ndiyo. Kama mpelelezi."

Kokushubila alisogea kwenye kiti cha baba yake. Aliyachukua madaftari, akafungua ukurasa wa ile orodha, akausoma kama mtu anayesoma mwandiko wa mwingine. Majina yalikuwa yamepangwa vizuri, kwa namba. Alikuwa ameyapigia mstari kwa rula.

Ijumaa asubuhi askari waliingia Keko. Walipita nyumba kwa nyumba, wakavunja vyungu vya pombe, wakawakamata wanaume wawili kwa kodi. Madaftari siku hiyo yalikuwa chini ya godoro Temeke. Lakini nani angeliamini hilo? Msichana wa karani ameuliza wiki sita, kisha askari wamekuja. Hata mtoto angejumlisha.

Kokushubila alikwenda Jumamosi. Apolonia alimwambia asiende, lakini alipoona anafunga kitambaa kichwani, alimfungashia maharage kwenye jani la mgomba, akasema, "Basi usiende mikono mitupu."

Barabara ya waseremala ilikuwa na kelele zake za kawaida, misumeno, nyundo, watu wakibishana bei ya mbao dukani kwa Pyarali. Kelele zilinyamaza kila alipopita, zikaanza tena nyuma yake. Kijana mmoja aliyekuwa akipiga msasa alimwambia mwenzake kwa sauti ya kusikika, "Serikali imefika, ficha sufuria."

Atuganile alikuwa mbele ya mlango wake akiokota vigae. Ua wote ulinuka uchachu.

"Shikamoo, mama."

Atuganile aliendelea kuokota. Kokushubila alisimama na maharage yake. Shikamoo isiyoitikiwa ni kofi, na lile kofi lilipigwa mbele za watu.

"Shikamoo, mama," alirudia.

"Ulikula hapa," Atuganile alisema bila kuinua uso. "Nilikupa kigoda changu, mie nikakaa chini. Ukaniuliza mume wangu alikufaje, nikakwambia. Kuna dada zangu sijawaambia. Kumbe ulikuwa unapima vyungu."

"Sikuwapa, mama. Madaftari ni haya, hayajatoka mkononi mwangu. Lakini wameyaomba. Wanayataka Jumatatu."

Mzee Fakihi alikuwa amekuja, vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa mtu wa Pwani, mwembamba, mwenye sauti ya taratibu ambayo watu walinyamaza kuisikia. "Umewaambia utawapa?"

"Nimekataa. Lakini baba yangu ni karani wao, na nyumba ni yao. Nimekuja niwasomee nilichoandika. Chote. Mkisha kusikia, mseme nyie kifanywe nini."

"Hukutusomea ulipokuwa unaandika."

"Sikuwasomea. Nilikosa."

Fakihi akaenda kufuta benchi lake kwa kiganja. "Kaa hapo usome," alisema. "Kwa Kiswahili. Wengine sie Kizungu chetu ni 'yes' tu."

Akasoma. Watu wakajaa, wengine wakiendelea na kazi zao ndogondogo kwa mikono. Yaliyokuwa fasaha kwa Kiingereza, yakigeuzwa, yalitoka makavu au ya aibu. Alipofika mahali alipoandika kwamba wanawake wa Keko "hawana maadili thabiti ya ndoa," aliona haya kulitamka, akalitamka. Mwanamke mmoja akapiga mluzi. Atuganile akasema, "Mwulize aliyekwambia hivyo alilala wapi jana," na watu wakacheka kwa mara ya kwanza.

Kisha akasoma: "Wakazi wa Keko hawana uongozi unaotambulika."

"Ngoja hapo," alisema Fakihi. "Unaotambulika na nani?"

Kokushubila aliweka kidole kwenye mstari.

"Hapa mtu akiibiwa anajua aende kwa nani. Mtu akifa, kuna anayetoa sanda, na kuna anayekwenda kuwaambia ndugu zake Rufiji. Maji ya kisima yana zamu, na asiyefuata zamu anajua kitakachompata. Wewe mwenyewe umeyaandika haya, umeyasoma sasa hivi. Sasa mbona mwisho unasema hatuna kitu?"

"Kwa sababu vitabu vyangu..." alianza, akaacha. Alichukua kalamu, akaukata mstari ule. Akauliza, "Niandike nini?"

"Andika ulichokiona."

Jua lilipofika utosini walikuwa wamemaliza daftari la pili. Lile la majina alilisoma mwisho. Hakuna aliyecheka. Wanaume wale walisikia majina yao yakitoka moja moja, na mmoja wao akaondoka kabla lake halijafika.

"Choma," alisema mtu. "Choma yote."

"Choma," wengine wakaitikia.

"Hapana," alisema Atuganile. Alikuwa bado na kigae mkononi. "Majina ndiyo achome. Mengine ayaache. Mie askari wamevunja vyungu vyangu saba, na kesho watasema hapakuwa na vyungu, hapakuwa na mwanamke, palikuwa na uchafu wamefagia. Nataka iandikwe mahali. Andika vyungu saba, mwanangu. Andika walivivunja kwa kitako cha bunduki huku mtoto anatazama. Jina langu usiliandike."

Hakuna aliyembishia.

Kokushubila alinakili yote bila majina kwa siku mbili, Jumamosi mpaka giza lilipotaka kuingia na Jumapili tangu misa ilipokwisha, kwenye benchi la Fakihi, katikati ya maranda. Mzee Fakihi alimpa daftari jipya alilonunua kwa Pyarali. Watu walikuja kusahihisha. Mmoja alitaka aongezwe ingawa hakuwahi kuhojiwa. Mzee Fakihi akawa "fundi wa vitanda," Atuganile akawa "mjane mpika ulezi," wanaume kumi na mmoja wakawa "baadhi ya wanaume." Kazi ilipokwisha, Fakihi alisogeza chungu cha gundi kilichokuwa juu ya jiko la mkaa, na Kokushubila akatia madaftari matatu mekundu motoni, moja moja, jalada likikunjamana. Wiki sita za kazi yake. Aliyakoroga kwa kijiti mpaka hapakuwa na herufi.

Nyumbani alimwambia baba yake alichofanya. Didas alikuwa akipiga pasi shati la Jumatatu. Pasi ilisimama muda mrefu kuliko shati lilivyostahili, na Apolonia akaja kuiinua.

"Nitakwenda nawe," Kokushubila alisema. "Mie ndiye nitakayesema."

"Utasema nini?"

"Kweli."

Didas akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Kweli," alisema. "Haya. Vaa viatu vilivyofungwa."

Jumatatu hakuna aliyeonyeshwa kiti. Bwana Tindall alipokea daftari jipya kwa uchangamfu, akalipekua, akapekua tena kutoka nyuma. Uso wake ulibadilika taratibu.

"Majina yako wapi?"

"Yameungua, bwana," alisema Kokushubila.

"Yameungua?"

"Niliyachoma. Hii ndiyo kazi yangu. Ukiisoma utajua Keko inavyoishi, na utajua kwa nini kodi haikusanyiki vizuri. Kama serikali inataka kupapanga, yote yanayohitajika yamo humo."

"Nilikuomba madaftari."

"Yalikuwa yangu, bwana. Na waliyoyasema yalikuwa yao."

Bwana Tindall alimtazama kama anayetazama kiti kilichosema. Kisha akamgeukia Didas. "Uliyasoma ya kwanza?"

Didas angeweza kusema hapana. Kokushubila alimwomba Mungu aseme hapana.

"Niliyasoma, bwana."

"Yote?"

"Yote."

"Vizuri sana." Alisukuma karatasi na kalamu hadi ukingo wa meza. "Basi andika. Wasiolipa kodi kwanza."

Didas alisogea. Alichukua kalamu, akaichovya wino, akainamia karatasi. Nje tarishi alikuwa akiimba kwa pua. Kokushubila aliona mgongo wa baba yake, kola iliyopigwa pasi mara mbili, shingo yenye mvi changa, na kwa dakika hiyo hakujua kabisa mtu yule ataandika nini.

Didas aliirudisha kalamu kwenye kidau.

"Sikumbuki, bwana."

"Hukumbuki."

"Hapana, bwana."

"Didas. Mwezi uliopita ulinitajia namba ya faili la mwaka wa arobaini na tatu bila kufungua kabati."

"Mafaili nayakumbuka, bwana," alisema Didas. Jasho lilimshuka mpaka kidevuni, hakulifuta. "Watu hawa siwakumbuki."

Barua ilikuja baada ya siku tisa. Karani Didas anahamishiwa Mpwapwa, katika cheo cha chini ya kile alichokuwa nacho. Kota irudishwe kabla ya mwisho wa mwezi. Msaada wa masomo wa Kokushubila uliachwa uendelee kwa mwaka mmoja tu, nao utaangaliwa upya kulingana na mwenendo wake.

Mkaguzi wa nyumba alikuja na ubao wa kuandikia. Alihesabu vioo, akapapasa kuta, akaona tundu la msumari mahali ilipotundikwa picha ya Moyo Mtakatifu, akaandika kwamba ni uharibifu. Apolonia alisimama nyuma yake chumba hadi chumba, mikono amekunja, akimwonyesha mwenyewe matundu mengine. "Na hili hapa, baba, usilisahau. Na hili la chandarua. Tulikuwa tunaishi humu." Mkaguzi aliacha kuandika kabla hajafika jikoni.

Kutoka Keko alikuja Mzee Fakihi na mkokoteni na mafundi wake wawili. Walifungua vitanda kwa heshima ya watu wanaojua viungo vya mbao, wakavifunga kamba, wakaukokota mzigo mpaka stesheni. Atuganile hakuja. Alikuwa ametozwa faini, na alikuwa akipika mara mbili zaidi ili ailipe.

Stesheni Didas na binti yake walisimama kando ya mzigo. Didas na Apolonia wangeshuka njiani, waende Mpwapwa; Kokushubila angeendelea mpaka Mwanza, apande meli kuvuka ziwa. Wangesafiri pamoja usiku mmoja, lakini Didas alitaka kusema pale pale, kabla hawajakaa na watu wengine behewani.

"Baba, nisamehe."

"Usiombe kitu ambacho hukunifanyia." Alikuwa akitazama reli. "Usidhani niliyafanya kwa ajili yako tu. Miaka kumi na minne nimewakumbukia mambo yao. Nani amejenga wapi, nani anadaiwa, nani alisema nini mwaka gani. Nilidhani hiyo ndiyo kazi yangu duniani. Siku ile nikajiuliza, je, na kusahau nina ruhusa?" Alikohoa. "Nikaona nijipe."

"Na Mpwapwa?"

"Mpwapwa kuna watu," alisema Didas. "Panda, mama yako anahangaika na kuku."

Makerere, muhula ulipoanza, wanafunzi walisoma kazi zao mmoja mmoja mbele ya darasa. Kulikuwa na kazi nzuri za mahari, za ngoma, za kutawazwa kwa machifu, na picha zilipitishwa mkono kwa mkono. Zamu ya Kokushubila ilikuwa ya mwisho. Alisimama na daftari ambalo pembe zake zilikuwa bado na madoa ya gundi. Ofisi ya Bwana Tindall, Dar es Salaam, ilikuwa imelirudisha bila neno. Akasoma habari za zamu ya kisima, za kesi za Ijumaa, za sanda, za vyungu. Alisoma kwamba Keko ina serikali, ila haina bendera. Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akaacha.

Mwalimu, Mwingereza mwenye mvi, alimsikiliza mkono umeshika kidevu. Kokushubila alipofika katikati, mwalimu alimsimamisha.

"Nina tatizo," alisema kwa upole. "Fundi mmoja, mjane mmoja, baadhi ya wanaume. Hakuna jina hata moja. Elimu hii yetu inasimama juu ya ushahidi, Bibi Kokushubila. Nitajuaje kwamba watu hawa wapo kweli?"

Darasa zima lilimgeukia.

"Wapo," alisema. "Baba yangu yuko Mpwapwa kwa sababu wapo."

Mwalimu aliiweka kalamu yake mezani.

"Endelea," alisema.

Kokushubila akageuza ukurasa, akaendelea kusoma.